Kabla hujapanda ndege, soma habari za vijana wa Nasik

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha michango. Si cha harusi wala cha msiba, maana kwa hivyo viwili tumeshazoea. Hiki kilikuwa cha kumchangia nauli rafiki yangu mmoja ambaye tulisoma naye Mlimani. Mwaka wa pili alikosa chumba nikambeba (waliopita pale wanajua kubebana ni nini), kwa hiyo ninamfahamu mpaka anavyokoroma. Sasa ameacha kazi yenye mshahara wa kueleweka, na anakwenda Afrika Kusini kwa miezi sita kusomea kazi ya kujitolea ya Kikristo na watoto walio katika mazingira hatarishi. Akirudi anataka kufanya kazi hiyo hapa Dar, kwa watoto wanaolala vituo vya mabasi na kuosha vioo vya magari kwenye mataa.

Kikao kilikwenda vizuri mpaka mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye heshima zake, aliponyanyua mkono. Akasema: "Mwanangu, sikukatazi. Lakini hebu nieleweshe. Mtu uliyekulia Manzese unakwenda nje kufundishwa namna ya kumlea mtoto wa Manzese?"

Watu wakacheka. Jamaa yangu naye akacheka, lakini nilimwona akiangalia chini. Waliokuwa pale wengi hawajui kwamba akiwa na miaka kumi na moja alilala stendi ya Ubungo kwa miezi kadhaa, kabla hajachukuliwa na kituo kimoja cha kulelea watoto. Yeye mwenyewe ni mmoja wa watoto anaotaka kwenda kuwasomea. (Nimemwomba ruhusa ya kuandika hili. Amekubali, kwa sharti kwamba jina lisionekane.)

Usiku ule sikulala mapema. Swali la mzee lilinikera kwa sababu nilihisi lina jibu, tena jibu la kihistoria, na mimi niliyejisifu miaka mitatu kwamba ninasoma historia sikuwa nalo mdomoni. Basi nikaanza kuchimba. Haya ndiyo niliyoyapata.

Nianze na hizi shule zenyewe. Mtindo wa kijana kwenda nchi nyingine, kusoma miezi michache, nusu darasani na nusu kwa vitendo, akijilipia mwenyewe, kisha kufanya kazi bila mshahara huku akitafuta wachangiaji wake, umeenea sana kupitia chama kinachoitwa Youth With A Mission. Kilianzishwa mwaka 1960 na Mmarekani Loren Cunningham, aliyekuwa na miaka ishirini na kitu kama sisi. Alifariki mwaka 2023. Wazo lake lilikuwa kwamba kijana asisubiri kuwa mchungaji mwenye digrii ya dini ndipo atumwe. Vyama vingine vingi vimefuata njia hiyo, na siku hizi kuna kozi maalumu za watoto wa mitaani, watoto yatima na watoto waliotumikishwa.

Kwa hiyo ukiwauliza vijana wengi wa makanisa ya mjini watakuambia ni jambo la Wamarekani, limeanza juzi. Hapana. Ni la zamani sana, na sehemu kubwa ya historia yake imepita kwenye bahari yetu hii hii.

Mtu anayetajwa kila mara kwenye habari za aina hii ni Thomas Barnardo. Mwaka 1866 alitoka kwao Dublin akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee, akaenda London kujiandaa kuwa mmisionari wa China. Akaanza kusomea udaktari upande wa mashariki ya jiji, sehemu ya mafukara. Mwaka huo huo kipindupindu kikapiga mitaa ile na kuua maelfu. Barnardo hakufika China. Mwaka 1867 alifungua shule ya watoto maskini, na mwaka 1870 nyumba ya wavulana pale Stepney. Mpaka anafariki mwaka 1905 alikuwa amepokea makumi ya maelfu ya watoto. Ni mtu aliyekwenda ugenini kujifunza jambo moja, ugeni wenyewe ukamfundisha jingine.

Lakini kuna upande wa pili wa Barnardo ambao jamaa yangu nilimsomea kwa sauti. Ili apate michango, alikuwa akiuza picha za watoto mbilimbili: ya kwanza mtoto kachanika nguo, mchafu, macho ya huruma, ya pili mtoto yuleyule kaoga, kavaa, anashika kazi. Mwaka 1877 mambo yake yakafikishwa mbele ya wasuluhishi. Tuhuma nyingi akasafishwa nazo, ila kwenye picha wakamkosoa: baadhi zilikuwa za kupangwa, watoto walivalishwa umaskini ambao hawakufika nao. Halafu kuna Canada. Chama chake kilipeleka huko watoto wapatao 30,000 kwa miaka ya baadaye, wakafanye kazi mashambani na majumbani mwa watu. Si wote walikuwa yatima. Serikali ya Uingereza iliomba radhi kwa mpango mzima wa kuhamisha watoto mwaka 2010, karne nzima baadaye.

Shikilia hilo la picha. Nitalirudia.

Sasa tuje kwetu, maana Barnardo anajulikana na vijana wa Nasik hawajulikani, jambo ambalo kwangu ni aibu kidogo.

Mwaka 1845 Uingereza na Seyyid Said walitia saini mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa nje ya himaya yake ya Afrika Mashariki. Manowari za Kiingereza zikaanza kuvizia majahazi baharini. Jahazi likikamatwa, ndani kuna watu, na wengi wao ni watoto, kwa sababu mtoto anabanwa kwenye nafasi ndogo na hana nguvu ya kuleta ghasia. Nahodha wa manowari anabaki na swali: niwapeleke wapi? Kuwarudisha makwao haiwezekani. Kwao ni safari ya miezi kutoka pwani, na njia ni ileile ya wafanyabiashara waliowaleta. Wakiachwa Unguja watakamatwa tena kabla ya magharibi. Kwa hiyo wakawa wanashushwa Aden, Ushelisheli, Morisi, na wengine wakapelekwa moja kwa moja mpaka Bombay, mji unaoitwa sasa Mumbai.

Ndani ya Bombay, mtoto wa Kiyao wa miaka minane akawa hana mtu wala lugha. Wengine wakagawiwa kwenye nyumba za watu, wengine wakaangukia mikononi mwa wamisionari. Chama cha Church Missionary Society, ambacho watu wa pwani ya Kenya wanakijua kwa kifupi CMS, kilikuwa na kijiji cha Kikristo kaskazini-mashariki mwa Bombay, karibu na mji wa Nasik. Kijiji kiliitwa Sharanpur. Kwa lugha ya huko maana yake ni kama mji wa makimbilio. Msimamizi wake alikuwa kasisi Mwingereza, William Salter Price. Watoto wa Kiafrika wakakusanywa hapo wakalelewa.

Wakajifunza kusoma na kuandika Kiingereza, wakajifunza Biblia, na kila mmoja akapewa kazi ya mkono: uhunzi, useremala, uashi. Sokoni walizungumza lugha za Kihindi. Wakabatizwa na kupewa majina. Ukisoma orodha ya majina hayo utadhani ni darasa la watoto wa Liverpool: William Jones, Ishmael Semler, George David, Jacob Wainwright, Carus Farrar, Matthew Wellington. Huyu Wellington jina lake la nyumbani lilikuwa Chengwimbe. Yeye angalau jina lake la kwanza limebaki kwenye kumbukumbu. Wenzake wengi yamepotea kabisa.

Naomba hapa tusikimbilie kutoa hukumu. Ni rahisi kwa mtu wa leo, mwenye simu mkononi na kahawa mezani, kusema "waliwanyang'anya utamaduni." Ni kweli. Lakini mtoto alikuwa ameshanyang'anywa kila kitu, na watu wa kwetu walishiriki, kabla hajaona kanzu ya kasisi. Sharanpur walimpa kitanda, chakula na nyundo. Yote mawili yalitokea kwa mtoto mmoja.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Watoto hawa walipokua, walirudi.

Wa kwanza walitumwa mwaka 1864: Jones, Semler na George David, pamoja na wake zao, ambao nao walikuwa watoto waliookolewa. Walipelekwa Rabai, nyuma ya Mombasa, kumsaidia Johannes Rebmann. Watanzania tunamkumbuka Rebmann kwa jambo jingine: ndiye Mzungu wa kwanza kuripoti theluji ya Kilimanjaro, mwaka 1848, wasomi wa Ulaya wakamcheka. Mzee huyu alikuwa ameishi Rabai tangu 1846, waumini wake wakihesabika kwa vidole, na macho yake yakizidi kufifia. Price alipomkuta mwaka 1874 alikuwa kipofu. Kwa hiyo miaka hiyo kumi kazi ilikuwa mikononi mwa wale waliotoka India.

Na unadhani walipokelewa kama wana waliorudi? Wamevaa mashati na suruali, wanazungumza Kiingereza, ukoo hawautaji. Kwa Mrabai walikuwa watu wa Wazungu. Kwa muungwana wa Mombasa walikuwa watumwa tu waliobahatika. Kwa Mzungu walikuwa wavulana wa Nasik, na neno hilo "wavulana" liliendelea kutumika hata kwa watu wenye ndevu na watoto wao.

Livingstone naye aliwachukua tisa kutoka Sharanpur alipoanza safari yake ya mwisho mwaka 1866. Aliwalalamikia sana kwenye shajara zake, na wengi wakamwacha njiani, ingawa mmoja wao, Edward Gardner, alidumu mpaka mwisho. Mwaka 1872 wakaletwa wengine sita kumfuata Tabora, wakiwemo Wainwright, Farrar na Wellington. Livingstone alipofariki pale kwa Chitambo, Mei 1873, aliyesoma ibada ya mazishi ya moyo wake na kuchonga maandishi kwenye mti ni Jacob Wainwright, kwa sababu alikuwa na elimu ya kutosha. Wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo. CMS wakamlipia Wainwright nauli ya kuusindikiza mpaka London, na Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza kanisani Westminster Abbey. Shajara yake ilichapishwa mwaka huohuo, kwa Kijerumani. Maandishi yenyewe ya mkono wake yamewekwa kwenye intaneti mwaka 2019, ukitaka unaweza kuyasoma leo. Alifariki Urambo mwaka 1892. Nimepita Urambo kikazi mara mbili kufuatilia habari za tumbaku na sikuwa nalijua hilo.

Ngoja nirudi kwa watoto.

Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa ametishiwa kuzingirwa na manowari, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kabisa biashara ya baharini. Mazungumzo yalianzwa na Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, yakamaliziwa na balozi John Kirk. Frere alikuwa anawafahamu Waafrika wa Nasik. Hoja yake ilikuwa rahisi: kama majahazi mengi zaidi yatakamatwa, watoto watakuwa wengi zaidi, na kuwapeleka India ni upuuzi. Wawekwe hapahapa pwani, na wa kuwapokea tunao tayari, wamefundishwa, wako Nasik.

Price akatumwa Mombasa mwishoni mwa 1874. Ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, ikapatikana ardhi, kijiji kikaitwa Freretown. Waafrika wa Bombay wapatao 150 wakahamia huko na Rabai. Mwaka 1875 manowari ya Thetis ikashusha kundi la kwanza kubwa la watu waliookolewa.

Hebu fikiria ufuko ule. Mtoto anateremshwa kwenye mashua, hajui anapelekwa wapi, amebadilisha wenyewe mara tatu au nne tangu atoke kwao. Watu weupe kwake ni kitisho kingine tu. Na anayesimama pale kumpokea ni mhunzi mweusi ambaye miaka ishirini nyuma aliteremshwa vilevile kwenye ufuko mwingine. Waafrika wa Bombay ndio waliokuwa walimu wa shule, makatekista, mafundi waliojenga nyumba, na wake zao ndio walioangalia wasichana. Sijui kama kuna mtaala wowote, wa Afrika Kusini au wa Hawaii, unaoweza kumpa mtu kile ambacho Jones alikuwa nacho siku hiyo.

Mwaka juzi nilikwenda Mombasa kwa shughuli za gazeti, nikachukua matatu ya kwenda Kisauni. Kondakta anaita "Kengeleni! Kengeleni!" na abiria wanashuka, na hakuna anayejali kengele yenyewe. Ipo, kwenye mnara wake, katikati ya honi na vumbi. Ni kengele ya Freretown, iliyokuwa ikipigwa kuwaonya watu kwamba wakamata watumwa wanakuja. Nilipiga picha, kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza kama nataka kuinunua.

Hadithi ingekuwa nzuri kama ingeishia hapo. Haikuishia hapo.

Waafrika wa Bombay waliona mapema kwamba Freretown ni yao kwa kazi lakini si kwa maamuzi. Wazungu vijana walikuja kutoka Uingereza, wengine hawajui neno moja la Kiswahili, wakawekwa juu yao. Walilalamikia mishahara. Walilalamikia namna wanavyosemeshwa. Wamisionari nao waliandika nyumbani kwamba hawa watu wa Bombay wana kiburi, elimu imewaharibu, wanataka kuishi kama mabwana. Lawama hiyo mimi naijua, maana nimeisikia kwenye vikao vya miradi hapa mjini, ikisemwa kwa Kiingereza laini zaidi.

Na kuna viboko. Msimamizi mmoja wa Freretown, J. R. Streeter, ambaye hakuwa kasisi, aliendesha kijiji kile kama nyapara. Watu waliotolewa kwenye jahazi la watumwa wakawa wanachapwa na kufungwa ndani ya mji uliojengwa kwa ajili ya uhuru wao. Mwaka 1881 habari zikawafikia maofisa wa Uingereza, ikawa kashfa, CMS ikabidi imrudishe Price kusafisha. Ninaitaja habari hii kwa sababu vitabu vya kusifu huiruka, na kwa sababu kila mahali wanapowekwa watoto wasio na wazazi chini ya watu wanaoamini wametumwa na Mungu, swali la nani anamchunguza mchungaji wao linabaki palepale.

Wakati huohuo, Rabai, William Jones alikuwa akifanya jambo la hatari. Watumwa wa mashamba ya pwani walikuwa wanatoroka na kukimbilia kwake. Sheria iliwaruhusu wenyewe kuwadai, maana mkataba wa 1873 ulifunga biashara, haukufuta utumwa. Uongozi wa misheni ulijua kwamba kuwahifadhi watoro kunaweza kuleta vita. Jones hakuwafukuza. Wakajenga, wakalima, wakazaa. Mwaka 1888, Kampuni ya Kiingereza ilipokuja kushika pwani, ilikuta watoro wamejaa kwenye vituo vya misheni, na wenye mashamba wamekasirika. Ikabidi kampuni iwalipe fidia wenyewe, na siku ya mwaka mpya 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Hao hawakuokolewa na manowari. Walijiokoa kwa miguu yao, na mlango waliukuta wazi kwa sababu aliyekaa mlangoni alijua kutoroka ni nini.

Jones huyuhuyu alipewa ushemasi mwaka 1885, pamoja na Semler, na Askofu James Hannington. Miezi michache baadaye akasafiri na askofu kuelekea Buganda. Hannington alimwacha na sehemu kubwa ya msafara kule inakoitwa Mumias sasa, akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi Oktoba. Jones akalirudisha lile kundi lililobaki mpaka Rabai, mwendo wa miezi, mbele yao bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, utukufu umeondoka. Walifika Februari 1886. Angekuwa Mzungu tungemsoma shule ya msingi.

Upande wa Unguja nitapita haraka, si kwa sababu ni mdogo bali kwa sababu unastahili makala yake. Mwaka uleule wa 1864 ambao Jones alifika Rabai, Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alifika Unguja, na Sultani Majid akampa wavulana watano waliotoka kwenye jahazi lililokamatwa. Mmoja wao, John Swedi, akaja kuwa shemasi mwaka 1879. Shule ya wavulana ikawa Kiungani, ya wasichana Mbweni. Huku walikuwa na mawazo tofauti kidogo: Askofu Steere aliyefuata alisisitiza Kiswahili, hakutaka kutengeneza Waingereza weusi. Hata hivyo wachache walipelekwa nje. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa akiwa mtoto, alisomeshwa Canterbury, akarudi kufanya kazi Chitangali kusini mwa nchi yetu, na mwaka 1890 akapewa ukasisi. Bagamoyo Wakatoliki walikuwa na kijiji chao tangu 1868, na masista waliotoka kisiwa cha Réunion kuwalea wasichana walikuwa wa shirika lililopokea wanawake waliokuwa watumwa. Unaona mtindo unajirudia.

Kutoka Kiungani kuna kitu kimoja ambacho kila mwandishi wa habari angepaswa kukijua. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wenyewe kwa Kiswahili, yeye akazitafsiri. Wanaeleza walivyokamatwa, waliuzwa na nani, waligeuziwa bwana mara ngapi. Yameandikwa bila kilio. Kumbuka ni miaka kumi tu baada ya Barnardo kukosolewa kwa picha zake. Kule mtoto alisimamishwa mbele ya kamera, huku alipewa kalamu. Ninajua, tafsiri ilifanywa na Mzungu na kitabu kilikusudiwa wafadhili. Lakini bado.

Na kalamu ile haikuanguka. Mwaka 1934 James Mbotela, mtoto wa Freretown, mwana wa Myao aliyekuwa mtumwa, alitoa kitabu cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa. Wasomi wa baadaye wamekisema sana kwamba kinawapamba Waingereza, na wana haki. Ila ni mtu wa Freretown akisimulia Freretown, kwa Kiswahili chake. Kutoka ukoo huo wa Mbotela alizaliwa Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji tuliyemsikiliza sote, hata sisi wa upande huu wa mpaka. Alifariki Februari 2025. Tangu miaka ya 1960 aliuliza redioni: Je, huu ni ungwana? Sasa kumbuka pwani ya zamani muungwana maana yake ni nani: mtu asiye mtumwa. Mzao wa watu walioshushwa kwenye jahazi akawa ndiye anayewauliza Wakenya wote, kila wiki, kama huo ni ungwana. Mimi nilipoiunganisha hiyo nilisimama nikazunguka chumba.

Turudi kwenye kikao.

Jumatatu nilimweleza jamaa yangu haya yote tukiwa kwenye foleni ya mwendokasi. Aliniuliza swali moja tu: "Jones na wenzake, walifundishwa India kuwapenda watoto?" Nikamwambia hapana, walifundishwa uhunzi na Kiingereza. Akasema hata yeye hafuati hicho. Anataka kujua namna ya kukaa na mtoto aliyebakwa bila kumuumiza zaidi. Anataka kujua unamrudishaje mtoto kwa shangazi bila kumrudisha kwenye kipigo. Anataka mtu wa kumsimamia akikosea. Hayo Ubungo haikumfundisha, ilimfundisha kukimbia mgambo tu.

Nikanyamaza, maana ni jibu zuri kuliko langu.

Lakini kuna fomu. Chama kinachompokea (sitakitaja) kimempa karatasi za kujaza kwa ajili ya wafadhili. Kuna sehemu ya ushuhuda: eleza maisha yako ya zamani, na kama unayo, ambatisha picha ya utotoni. Jamaa yangu ana picha moja tu ya utotoni. Ilipigwa na kituo kilichomlea, kwa ajili ya wafadhili wa wakati huo, wiki aliyofika. Amesimama ukutani, ameshika kibao chenye namba. Alinionyesha mara moja tu, chuoni, usiku umeme umekatika, kwa mwanga wa simu.

Si kwamba dunia haijajifunza kitu. Kenya ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto mwaka 2017, baada ya kuonekana kwamba nyingine zinajazwa watoto wenye wazazi ili kuvuta misaada. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililotaja madhara ya watu wa kujitolea kutembelea vituo vya yatima kama utalii. Wenzake atakaosoma nao huenda wengine walianzia kwenye safari za namna hiyo. Yeye ndiye waliyekuja kumpiga picha.

Ameondoka Alhamisi, ndege ya alfajiri. Mzee wa kanisa aliyeuliza swali alikuja uwanjani na bahasha, na akamwombea kwa muda mrefu mpaka askari wa mlangoni akaanza kuangalia saa. Mimi nilimpa nakala yangu chakavu ya Uhuru wa Watumwa, aliyonirudishia chuoni ikiwa na mchuzi wa maharage kwenye ukurasa wa tisa, kwa hiyo sasa mchuzi wake amerudi nao.

Jana ameniandikia kwenye simu. Chakula kizuri, baridi kali, analala na Mbrazili na Mkorea. Halafu mwisho: "Wameniuliza tena ile picha. Nimewaambia ipo, ila nitawaonyesha tukishafahamiana."